Speisa za tairi zinaua beringi kweli? Ya mbele kushoto imekufa mara mbili ndani ya miezi mitano

#1 Athlete182
Wakuu, habari za jioni.

Nina Crown Athlete GRS182. Mwezi wa pili nilifunga speisa (yale mabamba ya duara yanayokaa kati ya habu na rimu kulisogeza tairi nje) za milimita 25 tairi zote nne, maana rimu zake za asili zilikuwa zimezama ndani ya madigadi, gari pana lakini linaonekana limebana miguu. Muonekano ulibadilika sana, nikaridhika.

Mwezi wa tano beringi ya mbele kushoto ikaanza kuvuma. Ukifika spidi 60 unasikia mvumo unapanda, ukikata kona ya kulia unazidi, ukirudi kushoto unapoa. Nikabadilisha. Sasa ni mwezi wa saba na ile ile ya kushoto imeanza tena. Na tairi za mbele zote mbili zimelika upande wa ndani mpaka nyuzi zimeanza kuonekana, wakati upande wa nje bado zina meno.

Fundi wangu anasema toa speisa. Aliyeniuzia speisa anasema beringi niliyofungiwa ni feki. Kila mmoja anamrushia mwenzake na anayetoa hela ni mimi. Natoka Goba kwenda Posta kila siku, lami tupu isipokuwa kilomita mbili za mtaani kwetu.

Naomba maelezo ya mtu anayejua kazi yake, siyo "nilisikia".

#2 kapteni_wa_ziwani
Nimeweka kigoda hapa. Ngoja waje.

#3 FundiKerezo
Mkuu Athlete182, kabla hatujamlaumu mtu jibu haya: speisa zako tundu la katikati lina kipimo gani? Zinashika shingo ya habu (kitovu kinachobeba tairi) au zinaning'inia kwenye studi, zile boliti za kufungia tairi, tu? Nati zilikazwa na nini? Na gari umelishusha au lipo kimo chake?

Mimi nakereza vyuma Gerezani, naletewa speisa karibu kila wiki. Nyingi zinazouzwa mtaani zimetobolewa tundu kubwa ili ziingie kwenye magari mengi. Habu ya Crown ni milimita 60.1. Ukivalisha speisa yenye tundu la 67, pembeni kunabaki nafasi ya milimita tatu na nusu kila upande. Hapo anayeweka tairi katikati ni nati peke yake, na nati ikikazwa tairi likiwa linaning'inia, katikati hukai.

#4 Mama_IST
Uzi mzuri. Mimi nina IST na nilifungiwa speisa nikiwa sijui hata ni nini, niliambiwa "dada tunakuwekea gari likae vizuri". Usukani ukawa unatetemeka kwenye spidi 80 na kuendelea. Balansi mara tatu, hakuna kitu. Kijana mmoja wa kuziba pancha ndiye aliyeniambia mama toa haya madude. Yalipotolewa mtetemo ukaisha siku hiyo hiyo.

Ila beringi zangu hazikufa, nikae mkweli. Nilitembea nayo karibu mwaka.

#5 Athlete182
Fundi, ahsante. Tundu sijapima, nitapima Jumamosi. Nati walikaza na mashine ya upepo. Gari nimelishusha, springi fupi, limekaa chini kama inchi moja na nusu. Hilo nilisahau kuandika.

#6 FundiKerezo
Hapo kwenye kushusha ndiyo kuna jibu la tairi, mkuu. Speisa haibadilishi mlalo wa tairi hata kidogo, inalisogeza nje likiwa limesimama vile vile. Ukishusha gari, kichwa cha tairi kinaingia ndani na miguu inatanuka, na mwelekeo wa kutazama mbele unaharibika. Tairi linakimbia kwa ukingo wa ndani. Ulifanya alaimenti baada ya kushusha?

#7 Athlete182
Sikufanya.

#8 kapteni_wa_ziwani
Kesi ya tairi imefungwa. Bado ya beringi.

#9 HesabuKwanza
Naomba niseme jambo ambalo halitawafurahisha wengi. Speisa inasingiziwa.

Chukua Crown, tairi moja la mbele linabeba takriban kilo 420. Ukilisogeza nje milimita 25 umeongeza mkono, yaani nguvu ya kupinda, wa kama kilo 10 na nusu kwa mita. Sasa angalia kinachotokea kwenye kona. Nusu kipenyo cha tairi la 225/45 R18 ni kama milimita 330. Ukikata kona kawaida tu, barabara inalisukuma tairi kwa pembeni tuseme kilo 170, na nguvu hiyo inakaa sentimita 33 chini ya habu. Hiyo ni kilo 56 kwa mita. Yaani kila kona ya kawaida inaipa beringi mzigo mara tano ya ule ulioongezwa na speisa.

Na zaidi ya hapo, kwenye tairi la nje ya kona nguvu hizi mbili zinavutana kinyume. Uzito unataka kulala upande mmoja, msukumo wa kona unataka upande mwingine. Kwa hiyo kwenye kona speisa inapunguza kidogo badala ya kuongeza.

Beringi ilikufa kwa sababu nyingine.

#10 Mkonga_wa_Mbozi
Mkuu #9, hesabu ni nzuri ila jiulize gari linakata kona dakika ngapi kwa siku na linanyooka dakika ngapi. Likinyooka hakuna cha kuvutana, ule mkono wa speisa unakaa pale pale saa nzima, upande ule ule. Halafu likidumbukia shimoni uzito wa tairi unaruka mara mbili au tatu kwa sekunde moja, na wote unapita kwenye huo huo mkono.

Beringi ya gololi ina kanuni yake: uhai wake unashuka kwa kipeo cha tatu cha mzigo. Ongeza mzigo asilimia 10, uhai unabaki kama asilimia 75. Ongeza asilimia 20, unabaki 58. Kwa hiyo "kidogo" kwenye beringi siyo kidogo.

#11 HesabuKwanza
Kanuni ya kipeo cha tatu nakubali, ndiyo inayotumika viwandani. Lakini hata ikibaki asilimia 58, beringi iliyotengenezwa kutembea kilomita laki moja na nusu ingefika zaidi ya elfu themanini. Ya jamaa imekufa miezi miwili. Miezi miwili Goba–Posta ni kilomita ngapi? Haifiki elfu tano. Speisa peke yake haiwezi kueleza hilo.

#12 Mkonga_wa_Mbozi
Hapo umenikamata. Nitarudi.

#13 Wa_Ngara
Niaje wakuu, salamu kutoka Nairobi. Mimi speisa ziko kwa Probox yangu mwaka wa tatu na beringi ni zile zile. Nilipata inchi moja na nusu zaidi, matuta sasa napita bila kugusa tumbo. Shida yangu ni upande wa ekseli, zile mpira za sivijointi zinapasuka kila baada ya muda. Hii ya kulika tairi sijaiona.

#14 Mama_IST
Kaka wa Nairobi, speisa ya tairi inakupaje kimo?

#15 FundiKerezo
Anazungumzia speisa za springi, zile zinazokaa juu ya shokapu kunyanyua gari. Jina moja, vitu viwili tofauti kabisa. Za kwake zinanyanyua bodi, zetu zinatanua miguu. Na hiyo mipira inapasuka kwa sababu ekseli sasa inateremka kwa pembe kali, mpira unajikunja kupita ulivyozoea. Ikipasuka grisi inatoka, mchanga unaingia, jointi inaanza kulia tak tak tak ukikata kona.

#16 Wa_Ngara
Aah, asante fundi, sasa nimeelewa. Huku ukitaja speisa mekanika anajua ni hizo za kuinua. Nakaa nisome, na hiyo ya ekseli umenipa jibu nililolitafuta.

#17 Bahari_ya_Unguja
Assalaam alaykum. Niongeze la huku kwetu pwani. Nilifunga speisa za aluminiamu kwenye Harrier, zikakaa miaka miwili bila kufunguliwa. Siku ya kubadilisha breki rimu ilitoka lakini speisa haikutoka. Imeshikana na habu kabisa, kutu ya chuma na ule unga mweupe wa aluminiamu vimekuwa kitu kimoja. Fundi akapiga nyundo ya mbao wee, mwisho akaiminya na moto. Beringi ya upande ule ikafa wiki ile ile.

Sasa niambieni, iliyoua beringi ni speisa au ni nyundo?

#18 HesabuKwanza
Nyundo na moto. Kipigo kimoja kinatosha kuacha alama za gololi kwenye njia yake, halafu mvumo unakuja wenyewe. Na moto unaunguza grisi na mpira wa kuzuia vumbi.

#19 Mama_IST
Lakini bila speisa nyundo isingeletwa. Tusiitoe kwenye kesi kirahisi hivyo.

#20 Mkonga_wa_Mbozi
Nimerudi. Naacha Crown kidogo niwaambie ya Land Cruiser 79 maana watu wa huku wengi tunayo.

Mkonga, yaani hiyo 79, wa V8, Toyota walipoutoa 2007 walitanua ekseli ya mbele ili injini iingie, ya nyuma wakaiacha. Kwa hiyo tairi za nyuma zimeingia ndani kuliko za mbele, tofauti ya jumla ni kama milimita 95. Kwenye lami huioni. Ingia kwenye tope la Rukwa masika ndipo utaielewa: tairi la mbele linachimba mfereji wake, la nyuma linapanda ukingo wa mfereji na kuteleza, mkia unatembea upande usiku kucha. Ndiyo maana tunaweka speisa nyuma, siyo urembo.

Yangu ina speisa za kufungwa kwa boliti, milimita 45 kila upande, zinashika habu barabara. Mwaka wa nne. Beringi za nyuma nimezifungua mara mbili kupaka grisi, hazijafa. Ila zile ni beringi mbili za roli zilizochongoka, zimekaa mbali mbali, zimetengenezwa kubeba tani. Usilinganishe na habu ya gari dogo.

#21 kapteni_wa_ziwani
Kwa nini usinunue rimu zilizotoka nje zaidi badala ya speisa? Nasikia ni salama kwa beringi.

#22 FundiKerezo
Kapteni, hapa watu wengi wanapotea. Kwa beringi ni kitu kile kile. Nyuma ya rimu kuna namba imeandikwa ET, ni milimita, na ikipungua tairi linatokeza nje zaidi. Rimu ya ET 50 ukiiwekea speisa ya 25, tairi linakaa pale pale ambapo rimu ya ET 25 ingekaa. Beringi haijui kama umetumia speisa au umenunua rimu, inajua uzito uko wapi. Wenye rimu zilizotokeza nje wakacheka wenye speisa wanajicheka wenyewe.

Faida ya rimu ni nyingine: maungio ni machache, hakuna nati zilizojificha ndani usizoweza kuzikagua, na uzito unapungua.

Nati zilizojificha ndizo zinazonitisha mimi kuliko beringi. Mwaka jana nililetewa rimu ya Subaru Impreza, studi mbili zimekatika. Ilikuwa na speisa za milimita 20. Nikaigeuza rimu, nikaona mgongoni vidoti vitano vinang'aa kama sarafu mpya, vimejipanga duara. Studi za asili za gari zilikuwa zimetokeza nje ya speisa kwa milimita tatu au nne, na rimu ile haikuwa na mashimo ya kuzipokea. Kwa hiyo rimu ilikuwa imekaa juu ya ncha za studi tano, haijaigusa speisa kabisa. Mwenyewe anakaza, anasikia imekaza, kumbe imekaza hewa. Ikawa inacheza kidogo kidogo mpaka studi zikachoka. Alikuwa na watoto wawili nyuma.

Kila aliye na speisa humu, ashuke leo ageuze rimu aangalie kama ana vidoti.

#23 Mama_IST
Mungu mkubwa. Nimepata baridi.

#24 Athlete182
Fundi #22 umenifanya nitoke na tochi usiku huu. Nimefungua ya kulia. Vidoti sina, rimu yangu ina mashimo katikati ya nati. Alhamdulillah.

Lakini nati za ndani za speisa, zile zinazoikaza kwenye habu, mbili kati ya tano zimezunguka kwa mkono. Mkono mtupu.

#25 FundiKerezo
Gari lisitoke hapo asubuhi mpaka umezikaza. Studi zako ni M12, yaani unene milimita 12, za uzi wa 1.5 (milimita kwa kila mzunguko), kaza kwa toki renchi nyuton mita 103, kwa kuruka nyota, tairi likiwa hewani kwanza halafu umalizie chini. Ukitembea kilomita 50 hadi 100, fungua tena ukaze. Mashine ya upepo haipimi, inakaza moja kama mwamba na nyingine inaiacha.

#26 Mjerumani_wa_Moshi
Niko Ujerumani. Huku speisa zinauzwa dukani bila shida, ila lazima ziwe na kibali cha TÜV (wakaguzi wa usalama wa magari), na mara nyingi gari linakaguliwa likiwa nazo limefungwa: zinashika habu, studi zina urefu, tairi haligusi bodi. Porsche wenyewe wanauza speisa kwa baadhi ya magari yao. Kwa hiyo kitu chenyewe siyo haramu, kinategemea kilivyotengenezwa na kilivyofungwa.

Niulize tu: kwa studi ndefu na speisa nyembamba, nati inapaswa kuingia mizunguko mingapi?

#27 FundiKerezo
Angalau unene wa studi yenyewe. M12 ya uzi wa 1.5 ni mizunguko minane. Subaru na Nissan nyingi uzi ni 1.25, hapo ni kumi. Nikiona nati imeingia mizunguko mitano naikataa.

#28 Dereva_Morogoro_Road
Mimi siyo fundi, nina miaka kumi na nane ya usukani. Mbona hakuna aliyeuliza kwa nini ni kushoto tu? Speisa ziko pande zote nne. Kama ni speisa, kwa nini kulia kuzima?

Tunaendesha kushoto. Tairi la kushoto ndilo linalopita kwenye ukingo wa lami ulioliwa, ndilo linaloingia kwenye maji ya mtaro, ndilo linalopanda mchanga wa vituo vya daladala. Na kila kipilefti unachozunguka, uzito unalalia kushoto. Magari yangu yote yasiyo na speisa beringi ya kwanza kufa ni ya mbele kushoto.

#29 HesabuKwanza
Dereva umesema neno. Na kumbuka beringi ya pili imekufa haraka kuliko ya kwanza, wakati speisa ni ile ile. Kilichobadilika ni beringi yenyewe. Narudi kwa muuza speisa: huenda ilikuwa feki, au iligongwa nyundo wakati wa kuingiza.

#30 Mama_IST
Kwa IST ndiyo beringi inaingizwa kwa presi, na mafundi wengi hawana presi wanagonga. Crown si habu nzima inakuja na beringi ndani, unafungua boliti nne unaweka mpya? Hapo nyundo inaingilia wapi?

#31 FundiKerezo
Dada yuko sahihi. Crown haigongwi. Athlete182, ile habu ya zamani unayo? Niletee niipasue.

#32 Athlete182
Ninayo, nitatoa na hii ya pili. Jumamosi nakuja.

#33 FundiKerezo
Jamaa amekuja, nimepasua habu ya pili na grainda mbele yake. Nawaandikia nilichokiona.

Ndani kuna njia mbili za gololi, ya upande wa tairi na ya upande wa gari. Ya upande wa tairi imemenyeka, chuma kimebanduka vigamba vigamba, na kimebanduka sehemu ya juu tu, hapa chini njia inang'aa kama mpya. Ile ya upande wa gari haijamenyeka ila grisi imegeuka uji wa rangi ya kahawa, ina kutu.

Tundu la speisa tumepima: 64. Shingo ya habu 60.1. Kwa hiyo ilikuwa inaning'inia.

#34 Mkonga_wa_Mbozi
Njia ya nje, sehemu ya juu. Ndipo mzigo unapokaa ukisogeza tairi nje! Njia ya nje inabebeshwa, ya ndani inapumzika. Mimi nimeridhika.

#35 HesabuKwanza
Sehemu ya juu ndipo mzigo unapokaa kwenye kila gari lenye habu ya namna hii, liwe na speisa au lisiwe nayo, kwa kuwa ganda la nje halizunguki. Na kahawa ile ni maji. Maji yakiingia grisi inakufa, chuma kinamenyeka pale penye mzigo. Mimi nasema maji.

#36 Dereva_Morogoro_Road
Na maji yako kushoto.

#37 Mama_IST
Na lile tundu la 64? Tairi lisilokaa katikati linatikisa habu kila mzunguko. Mpira wa kuzuia maji ukitikiswa miezi miwili unaachia. Maji yakaingia kupitia hapo hapo.

#38 kapteni_wa_ziwani
Dada akifungua gereji mimi mteja wa kwanza.

#39 FundiKerezo
Nimemkerezea pete za kuziba ile nafasi, 64 nje na 60.1 ndani, lakini ameamua za mbele asifunge kwanza. Za nyuma zimevaa pete na nati nimekaza mwenyewe.

#40 Athlete182
Ni kweli. Mbele nimerudisha kama kiwanda, habu mpya kushoto, alaimenti nimefanya, tairi mbili mpya zimenitoa jasho. Nyuma nimeacha speisa zenye pete. Gari linaonekana limekaa mkia mpana, kuna watu wameniuliza.

Odo leo inasoma 148,320. Natembea barabara ile ile, mtaa ule ule. Mkonga, kwenye ya kwako ulifungua baada ya muda gani kukagua nati za ndani?

#41 Mkonga_wa_Mbozi
Kilomita 80 za kwanza, kisha kila nikibadilisha oili. Na ukifungua, futa kutu kwenye habu kwa brashi ya waya, paka grisi ya shaba kidogo, hasa ukifika masika.

#42 Bahari_ya_Unguja
Hiyo grisi ya shaba inauzwa wapi? Huku Darajani nimeulizia maduka matatu wananipa ya kawaida.